Kompyuta ikinguruma, anza na brashi

Kompyuta ya mezani ikianza kunguruma kwenye sekretaria (duka la uchapaji) ya Butembo, mwenye duka huondoa ubavu wa keisi au huagiza feni mpya Kampala. Kuacha keisi wazi kunazidisha kelele na kukaribisha vumbi jekundu la barabarani. Feni nayo ingoje kidogo.

Zima, chomoa waya, fungua, tazama kipoza cha prosesa, katikati ya mapezi ya aluminiamu yaliyo chini ya feni. Kiangazi hasa, utakuta vumbi limeshonana na kuziba njia ya hewa. Zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha pitisha brashi kavu. Kama kipoza hakijawahi kutolewa, pesti iliyo kati yake na prosesa huenda imekauka: ifute kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kwa prosesa za AMD zenye miguu, AM4 mojawapo, itumie kompyuta dakika chache ipate joto kabla ya kuizima, halafu zungusha kipoza taratibu ndipo ukiinue. Ukikivuta kwa pupa prosesa hung'oka nacho, miguu ikapinda.

Sasa ipe kazi nzito upime. Joto la prosesa likibaki chini ya nyuzi 80, weka dola zako mfukoni, uingie BIOS na kupunguza kasi ya feni.

Likizidi, tazama kwanza jina la mashine. Dell OptiPlex nyingi zina tundu la feni la pini 5 na mashimo ya aina yake, kwa hiyo kipoza cha kawaida hakiingii. Tafuta feni ya modeli ileile, hata ya mtumba.

Kwa kompyuta ya kuunganishwa, mimi ningechukua kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120 na pini 4. Feni kubwa huzunguka polepole na bado husukuma hewa ya kutosha. Ndogo lazima ikimbie, ndiyo maana inapiga kelele. Thermalright Assassin X 120 SE, kwa mfano, huuzwa Marekani karibu dola 20. Ongeza usafiri na forodha ya mpakani Kasindi. Kimo chake ni milimita 148, basi pima keisi kwa rula, na soma jina la soketi kwenye madabodi. Vya maji viache: pampu ikifa utaipata wapi?

Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ina hewa nyepesi inayobeba joto kidogo, ila baridi yake inafidia. Beni iko chini na kuna joto zaidi. Huko usichukue kipoza kinachotosha kwa shida.

Ukiipeleka kompyuta kwa pikipiki, ilaze madabodi ikiwa chini na mnara umesimama wima. Uzito ule ukining'inia ubavuni kwenye mashimo ya barabara, unaweza kupasua madabodi.