Mkanda wa jeshi na HIV: Dawa gani hasa hukinga?

Kijana mmoja alinijia majuzi akiwa na malengelenge yaliyomzunguka ubavu wa kushoto kama mshipi. Kwa siku nane alikuwa akipakwa majivu, kwani jirani alimwambia amerogwa. Huo ulikuwa mkanda wa jeshi. Alipokubali kupimwa, alipatikana na HIV.

Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga utotoni, virusi hivyo havitoki mwilini, bali hujificha katika mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikidhoofika, huamka. Ndiyo maana kijana akipatwa na ugonjwa huu, sisi madaktari humshauri apimwe HIV.

Dawa yake ni asikloviri. Hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita tangu upele utokee. Kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Upele ukitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwani waweza kupofuka.

Je, mwenye HIV ameze asikloviri kila siku ili ajikinge? Kwa wengi, hapana. Anayerudiwa mara kwa mara na vidonda vya hepesi sehemu za siri aweza kupewa na daktari ya kumeza kila siku. Lakini dawa hiyo si badala ya ARV. Utafiti uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kuwa haikuwazuia wenye HIV kuwaambukiza wapenzi wao.

Kinga halisi ni ARV. Ukizimeza kila siku bila kukosa, kinga ya mwili hupanda na mkanda wa jeshi hupungua. Hata virusi vya saitomegalo, ambavyo hupofusha macho seli za CD4 zinaposhuka chini ya 50, hukosa nafasi. Isitoshe, tenofoviri na lamivudini, zilizomo katika ARV nyingi, hudhibiti pia homa ya ini aina ya B. Usiziache bila kumwona daktari.

Kijana wangu sasa anameza ARV. Malengelenge yamekauka, ila ubavu ungali unamchoma usiku. Laiti angalikuja siku ya kwanza! Msomaji, uonapo malengelenge upande mmoja wa mwili, usitafute mchawi. Tafuta daktari.