Mfumo wa Kitaalamu Dukani: Kanuni Kwanza, Programu Baadaye

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya na pwani, Mto Tana ukafurika, na Homa ya Bonde la Ufa ikazuka. Garissa iliumia sana, na Tana River ikawa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Masoko ya mifugo yalifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wazima hakuwa na pa kuwauza.

Baadaye watafiti walizunguka wakiwauliza wafugaji na maafisa mambo yalivyofuatana. Walipata kwamba, kwa wastani, siku 24 hivi zilipita tangu mvua kubwa ilipoanza hadi makundi ya mbu yalipotokea, kisha siku 17 hivi hadi mnyama wa kwanza kushukiwa kuugua. Lakini tangu mnyama huyo augue hadi huduma za mifugo zichukue hatua, zilipita takriban siku 62. Katika muda huo wote wafugaji wa Kisomali walikuwa tayari wameutambua ugonjwa na wana jina lake, sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani. Ujuzi ulikuwapo. Haukufika kwa wakati mahali pa kuamulia.

Kutokana na msiba huo, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ziliketi na madaktari wa mifugo wa ukanda huu na kuandika mwongozo wa maamuzi. Mwongozo huo unafuata dalili moja baada ya nyingine. Tahadhari ya mvua ikitolewa, fanya hili. Mafuriko yakianza, fanya lile. Mbu wakijaa, mifugo ikianza kutupa mimba, mtu wa kwanza akiugua, kila hatua ina kazi zake na kila kazi ina mwenyewe. Haukuhitaji kompyuta, ila mtu akitaka kuelewa mfumo wa kitaalamu ni nini, huo ni mfano mzuri kuliko matangazo mengi ya wauza programu.

Mfumo wa kitaalamu ni programu inayojaribu kujibu swali moja jinsi bingwa wa jambo hilo angelijibu. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo ni muhimu kuvitenganisha. Cha kwanza ni kanuni za bingwa, zilizoandikwa kwa mtindo wa "ikiwa hivi, basi vile". Cha pili ni sehemu inayozisoma kanuni hizo, inayomuuliza mtumiaji maswali, inayounganisha majibu na kutoa ushauri. Hiyo sehemu ya pili inaweza kuuzwa au kugawiwa ikiwa tupu, bila kanuni hata moja, kama ganda linalongoja kujazwa. Hilo ganda ndilo programu ya kutengenezea mifumo ya kitaalamu.

Mgawanyo huu ulitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Katika miaka ya 1970 watafiti wa hapo walitengeneza MYCIN, mfumo wa kushauri kuhusu maambukizi ya damu na dawa zake, wenye kanuni mia kadhaa. Ulipopimwa ulifanya vizuri, lakini haukuwahi kuingia katika kazi ya kila siku ya hospitali. Watafiti wakatoa kanuni za magonjwa ya damu, wakabaki na ganda walilolipa jina EMYCIN. Wengine walilijaza ganda hilohilo kanuni za kusoma vipimo vya mapafu, wakapata mfumo uitwao PUFF, nao ukatumika katika hospitali moja ya San Francisco. Ulichukua vipimo vilivyokuwa vinapimwa tayari, ukachapisha ripoti, na daktari akaisoma na kutia saini. Haukumwongezea mtu kazi. Ganda lilikuwa moja, ila mfumo mmoja ulikaa maabara na mwingine ukaenda kazini.

Biashara za Garsen, Hola na Bura zina sababu ya kulijua jambo hili sasa, kwa kuwa simu zimeenea na wauzaji wa programu wanabisha hodi. Duka la agroveti linataka muuzaji wake mchanga ashauri vizuri mwenye duka asipokuwapo. Chama cha akiba na mikopo kinataka kuamua haraka nani akopeshwe. Mnunuzi wa maembe au mpunga anataka kupanga mazao kwa madaraja bila ugomvi na mkulima. Yote haya ni maamuzi yanayorudiwa kila siku, yenye mtu mmoja anayeyajua vizuri na wengine wanaomtegemea.

Tuseme ni duka la agroveti mjini Garsen. Mfugaji anakuja asubuhi, mbuzi wake wanakohoa. Mwenye duka mzoefu hatoi dawa kwanza. Huuliza. Wanakohoa wangapi? Wanaharisha? Wana vidonda mdomoni? Kondoo wanaochunga nao wameugua pia? Maswali haya yana maana. Homa ya mapafu ya mbuzi hushika kifua cha mbuzi na huwaacha kondoo, tena husababishwa na kimelea ambacho dawa ya antibiotiki inaweza kukidhibiti. Sotoka ya mbuzi na kondoo huwashika wote wawili, huleta vidonda vya mdomo, matongotongo, makamasi na kuharisha, na ni ugonjwa wa virusi. Antibiotiki haiui virusi. Inayookoa kundi ni chanjo iliyotangulia na taarifa ya mapema kwa afisa wa mifugo. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo atauza chupa kumi, mfugaji atatumia pesa za karo, na mbuzi watakufa vilevile.

Ujuzi wa mwenye duka huyo unaweza kuandikwa. Aketi na daftari, pamoja na afisa wa mifugo wa wadi, aandike kanuni moja moja. "Ikiwa mbuzi wanakohoa, na kondoo wa zizi hilohilo ni wazima, na hakuna kuharisha, basi shuku homa ya mapafu, mwelekeze mfugaji kwa afisa." Kazi hii huchosha kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bingwa hajui anavyojua. Atasema "ukimtazama tu utaona", na anayeandika lazima amsukume aseme anaona nini hasa. Zikipatikana kanuni 15 tu, biashara haihitaji programu yoyote. Karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta inatosha, na inafaa kusema hivyo wazi hata kama muuzaji wa programu hatapenda.

Kanuni zikifika mia, zikianza kutegemeana, hapo ndipo ganda huwa na faida. Yako ya bure. CLIPS ilianzishwa katikati ya miaka ya 1980 na NASA, shirika la anga la Marekani, na hadi leo hupatikana bila malipo. Drools nayo ni ya bure na hutumiwa na makampuni makubwa. Zote mbili zinahitaji mwandishi wa programu, na Garsen mtu huyo si wa kupatikana kila kona. Yako pia maganda ya kulipia ambayo mtu asiye fundi anaweza kujaza kanuni kwenye jedwali. Bei yake ya mwezi huonekana ndogo mpaka miaka mitatu ihesabiwe.

Swali la kwanza kwa muuzaji basi si bei. Ni hili: kanuni ikikosea Jumanne, nani ataisahihisha Jumatano? Kampuni ya kompyuta ya Marekani, Digital Equipment Corporation, iliupata ukweli huu kwa gharama. Mfumo wake wa XCON uliokuwa ukipanga vipuri vya kompyuta za wateja ulianza na kanuni mia kadhaa mnamo 1980. Miaka michache baadaye ulikuwa na zaidi ya 6,000, na karibu nusu ya kanuni ilibidi ziguswe kila mwaka kwa sababu bidhaa zilibadilika. Uliiletea kampuni faida, lakini ulihitaji kikosi cha watu wa kuutunza. Duka la agroveti halina kikosi. Dawa mpya huingia sokoni, dawa ya zamani huacha kufanya kazi, chanjo hubadilishwa. Ikiwa kila badiliko linahitaji fundi wa Nairobi na ankara yake, baada ya mwaka mmoja mfumo utakuwa unashauri mambo ya mwaka jana.

Swali la pili ni kama mfumo unaweza kueleza sababu. Ganda zuri likiulizwa "kwa nini?" huonyesha kanuni lililofuata. Hili si pambo. Mfugaji akirudi na lawama, mwenye duka aone palipopotoka, na afisa wa mifugo aweze kusoma kanuni hiyo na kusema hapa pamekosewa.

Kisha kuna mambo ya mahali. Mtandao ukipotea wakati wa mafuriko, kama mvua za mwishoni mwa 2023 na za Aprili na Mei 2024 zilivyozikata barabara za kaunti hii, mfumo ufanye kazi ndani ya simu bila intaneti. Umeme hali kadhalika. Lugha nayo si jambo dogo. Dalili ile ile Mpokomo ana neno lake, Muorma lake, Msomali lake, na Kiswahili cha vitabuni huenda kisimwambie kitu yeyote kati yao. Ganda lisiloruhusu swali kuandikwa kwa maneno ya wateja litapata majibu ya kubahatisha. Na kanuni zenyewe ni mali ya nani? Mkataba useme kwamba ni za duka, na kwamba duka likihama kwa muuzaji mwingine litaondoka nazo katika faili linalosomeka.

Wengi watauliza kuhusu programu za akili bandia zinazotambua ugonjwa kwa picha. Hizi ni aina nyingine. Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO na vituo vya utafiti wa kilimo, humsaidia mkulima kutambua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi na magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu, hata bila mtandao. Haikuandikiwa kanuni na bingwa, ilijifunza kwa picha nyingi ambazo mabingwa walizitaja jina. Njia hiyo inafaa pale ushahidi unapoonekana kwa macho, kama jani lililoliwa. Haifai pale ushahidi uko katika historia, kama kujua mbuzi walinunuliwa soko gani na lini. Tena haiwezi kueleza sababu yake kwa kanuni inayosomeka. Biashara isinunue moja ikidhani imepata nyingine.

Kabla ya kutumika kwa mteja, mfumo upimwe kwa kesi za zamani. Daftari la duka lina visa ambavyo mwisho wake unajulikana. Vichukuliwe 30, mfumo uulizwe, afisa wa mifugo aulizwe bila kuona jibu la mfumo, kisha majibu yalinganishwe. Makosa yasihesabiwe tu bali yapimwe uzito. Kosa la kumtuma mfugaji kwa afisa bila sababu ni gharama ya bodaboda. Kosa la kumwambia arudi nyumbani wakati ana ugonjwa wa kuambukiza zizini ni kundi zima.

Sheria ina mipaka yake. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inaweka kazi ya kutibu mikononi mwa waliosajiliwa, kwa hiyo programu ya duka inaelekeza tu na haiandiki dawa mahali pa mtaalamu. Kwa vyama vya mikopo, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Mkazi aliyenyimwa mkopo na mfumo anaweza kuomba mtu auangalie upya uamuzi huo. Chama kinachochagua ganda lisiloweza kuonyesha kanuni iliyomnyima kitakosa la kumjibu.

Ziko pia kanuni ambazo zinapaswa kuufanya mfumo unyamaze. Mvua kubwa imenyesha, mbu wamejaa, na mfugaji anasema kondoo kadhaa wametupa mimba ndani ya wiki moja. Hapo hakuna swali la kuongeza wala dawa ya kupendekeza. Chanjo nayo ikishachelewa hadi ugonjwa umeingia haifai kutolewa kiholela, kwa sababu sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kueneza virusi. Skrini ionyeshe maneno matatu tu: mnyama asichinjwe, mimba iliyotoka isishikwe kwa mikono mitupu, afisa wa mifugo apigiwe sasa. Chini yake iwepo namba ya simu ya afisa wa wadi, na mwenye duka ahakikishe kila mwezi kwamba namba hiyo bado inaita.