Maswali na Majibu: Simu na Vishikwambi katika Darasa la Kwanza na la Pili

Marudio kwa walimu tarajali wa elimu ya awali na msingi

Swali la 1. Taja vifaa viwili vya mkononi vinavyoweza kutumika kufundishia KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na kazi moja ya kila kimoja. (alama 2)

Jibu: Kishikwambi: mtoto hufuatisha umbo la herufi kwa kidole huku akisikia sauti yake. Simu janja ya mwalimu: kurekodi na kusikiliza usomaji. Usiandike zaidi ya hapo. Alama ni mbili tu.

Swali la 2. "Kishikwambi kinaweza kumfundisha mtoto kusoma bila mwalimu." Jadili kwa mifano ya Afrika Mashariki. (alama 10)

Jibu: Anza na Tanga. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa karibu watoto 3,000 wa vijiji vya mkoa huo. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya shirika la onebillion, zilitoka sare na kugawana zawadi.

Watahiniwa wengi huishia hapo na kuandika kwamba kauli ni kweli. Soma tena takwimu: karibu nusu ya wale watoto bado hawakuweza kusoma hata neno moja. Kusoma neno moja, tena, si kusoma hadithi na kuielewa.

Kisha vuka mpaka uende Kisumu, Kenya. Huko watafiti walilinganisha njia tatu katika darasa la pili: vishikwambi kwa wakufunzi wanaowatembelea walimu, vishikwambi kwa walimu wenyewe, na visoma-vitabu vya kielektroniki kwa wanafunzi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Watoto walipiga hatua, lakini programu ya kawaida, yenye vitabu, mwongozo wa mwalimu na mafunzo, ilifikia karibu matokeo yaleyale kwa gharama ndogo. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome, ulioenea Kenya nzima kuanzia mwaka 2015, uliwapa vishikwambi maafisa wanaoingia madarasani kumtazama mwalimu na kumshauri.

Mifano hii miwili haipingani. Pasipo na mwalimu, kifaa kinaokoa kitu. Palipo na mwalimu aliyeandaliwa na kitabu kwa kila mtoto, kinaongeza kidogo. Hoja hiyo ndiyo inayobeba swali, na ningependa kila mwalimu tarajali aishike hata baada ya mtihani, kwa sababu ipo siku ataulizwa na kamati ya shule fedha ziende wapi.

Swali la 3. Una wanafunzi 80 wa darasa la pili na simu moja, yako. Eleza utakavyoitumia katika kipindi cha kusoma cha dakika 30. (alama 8)

Jibu: Usijaribu kuwaonyesha wote kioo kimoja. Wa mbele wataona, wa nyuma watapigana viwiko.

Andika ubaoni sentensi ya siku, kwa mfano: Mama anamenya muhogo. Darasa lisome pamoja, kisha liandike kwenye madaftari. Wakati huo kundi moja la wanane lije mezani pako. Kila mtoto asome, simu irekodi, kisha asikilize sauti yake huku kidole kikifuata maneno. Aliyesoma "anamena" mara nyingi hujisikia na kurudia mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Hapo ndipo simu inapofanya kazi ambayo ubao hauwezi. Kesho ni zamu ya kundi lingine. Ndani ya wiki mbili za masomo wote 80 watakuwa wamesikika.

Taja pia kwamba utazima data kabla ya kipindi, na kwamba sauti na picha za watoto hazirushwi kwenye makundi ya WhatsApp. Wengi husahau hili.

Swali la 4. Eleza kigezo kimoja muhimu cha kuchagua programu ya kufundishia herufi. (alama 5)

Jibu: Sauti ya herufi. Programu nyingi za bure zimetengenezwa kwa Kiingereza: mtoto akigusa A anasikia "ei", akigusa E anasikia "ii". Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa jinsi inavyoandikwa. Mtoto aliyezoea kusikia "ii" kwenye E ataona neno embe na kusoma "imbi". Isikilize programu mwenyewe, herufi kwa herufi, kabla haijafika mikononi mwao.

Swali la 5. Shirika la Afya Duniani linasema nini kuhusu muda wa kutazama skrini? (alama 2)

Jibu: Mwongozo wake wa mwaka 2019 unawahusu watoto walio chini ya miaka mitano: kwa wa miaka mitatu na minne, muda huo usizidi saa moja kwa siku. Usiunukuu kana kwamba umetungwa kwa darasa la pili.

Swali la 6. Shule haina umeme. Vishikwambi vitachajiwaje? (alama 3)

Jibu: Kwa sola, kama vijijini Tanga. Andika pia nani anashika ufunguo wa kabati, nani anavichomeka jioni, na fungu gani la bajeti ya shule litanunua betri mpya ile ya kwanza itakapokufa.