Gazeti Umeliacha, Habari Usiziache

Siwalaumu wakazi wa Mpanda walioacha kununua gazeti la kila siku. Magazeti yetu makubwa huchapwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Katavi ni kuvuka nchi nzima. Lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda imepunguza vumbi na saa za safari, lakini umbali uko palepale. Ukinunua gazeti la shilingi elfu moja kila siku, mwisho wa mwezi ni elfu thelathini, na vichwa vyake ulishavisikia redioni tangu asubuhi.

Shida huanza baada ya kuliacha. Wengi hawahamii kwenye chanzo kingine cha habari. Wanahamia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na huko kila kinachoingia kinaitwa habari. Vidokezo hivi ni vya kukutoa huko.

1. Weka nyakati zako

Gazeti lilikuwa na mwisho. Unaanza ukurasa wa mbele, unamalizia michezo nyuma, unalikunja. Simu haina ukurasa wa mwisho, kwa hiyo kikomo ukiweke mwenyewe. Nyakati mbili zinatosha: asubuhi redio zinapopitia magazeti, na jioni saa 12:30 Dira ya Dunia ya BBC inapoanza. Katikati ya hapo fanya kazi zako.

2. Anza na redio ya nyumbani

BBC haitakwambia mtaa gani wa Makanyagio hauna maji leo, wala daraja gani la kwenda Mwese limesombwa. Hilo ni la Mpanda Redio na wenzao wa redio za kijamii. Wasikilize, na wapigie pia. Wanahabari wa Katavi ni wachache na mkoa ni mpana, kutoka Inyonga hadi Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hawawezi kuwa kila mahali. Simu yako kutoka Sitalike au Majimoto inaweza kuwa ndiyo habari yenyewe. Tena redio haili bando. Hata simu ndogo ya vitufe yenye redio itakusemesha shambani Kakese siku nzima.

3. Kama unalima, fuata mvua na bei kabla ya siasa

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukikosea mwanzo wake, umekosea mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla haujaanza, kisha hutoa taarifa mpya kila mara. Sikiliza hizo mpya, maana mwelekeo wa Oktoba si kiapo. Kuhusu bei ya mahindi, usiishie kwa dalali anayekuja na mizani yake. Uliza chama chako cha ushirika (AMCOS), uliza Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) wananunua wapi na kwa shilingi ngapi, ndipo ujibu.

4. Matangazo yamehama, nawe yafuate

Watu wengi walinunua gazeti kwa ajili ya kurasa za matangazo, na hawakuwa na kosa. Nafasi za kazi serikalini sasa zinaombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Zabuni ziko kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Tovuti za mkoa na za halmashauri nazo hubandika matangazo. Kijana anayesubiri mtu ampigie picha tangazo la kazi na kumtumia, mara nyingi hulipata siku ya mwisho, au hupata la kitapeli linalomtaka atume hela ya fomu.

5. Nenda habari inakozaliwa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Gazeti la kitaifa lina kurasa chache, na Katavi huonekana humo kiongozi akitembelea au jambo baya likitokea. Mambo yanayogusa maisha yako kila siku hayapati nafasi. Lakini yanasemwa hadharani, na mlango uko wazi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kaa nyuma na daftari. Utajua fedha za zahanati zimefika wapi kabla ya mwandishi yeyote.

Kuna karatasi pia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili zinaingia bungeni. Zikishawasilishwa, mtu yeyote anaweza kuzipakua. Tafuta humo majina ya halmashauri zetu: Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele, Mpimbwe. Bunge nalo huweka Hansadi mtandaoni, neno kwa neno. Humo utaona mbunge wako aliuliza nini, au kama aliuliza. Gazeti lingekupa aya mbili za haya yote, kama lingekupa.

6. Kabla ya kusambaza, tulia

Picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti ni rahisi kughushi. Angalia tarehe, kisha ingia kwenye ukurasa rasmi wa gazeti lenyewe uone kama kichwa hicho kipo. JamiiCheck na Nukta Fakti huchunguza uvumi kwa Kiswahili. Kumbuka pia kwamba kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

7. Usitegemee mlango mmoja

Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisitisha kwa siku 30 leseni ya maudhui ya mtandaoni ya kampuni ya Mwananchi. Machi 2025, matangazo ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika yalinyamaza. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Aliyekuwa na redio na betri alikuwa na pa kuanzia. Nunua betri za akiba leo.

8. Msomee mzee wako

Gazeti likiacha kuingia nyumbani, wa kwanza kupungukiwa ni baba au bibi asiyetumia simu janja. Mpe nusu saa jioni, umsomee.

9. Lipia kitu

Habari za bure zina mtu aliyezigharamia: nauli ya mwandishi, malazi yake, siku tatu za kuthibitisha jambo moja. Ukiacha gazeti la kila siku, bakiza la Jumapili, au lipia nakala ya kidijitali. Kama huwezi, weka tangazo la duka lako kwenye redio ya Mpanda badala ya kuchapisha vipeperushi. Katavi inahitaji waandishi wanaoishi Katavi, na hao hawataishi kwa shukrani. Wachangie.