Ng'ombe Mweusi Ananunuliwa na Nani?

MJOMBA: Vuta kigoda ukae. Naambiwa unataka kupandisha majike yako kwa mbegu ya Angus.

MPWA: Ndiyo, mjomba. Nimesikia kwamba Marekani ndama mweusi anauzwa ghali kuliko mwekundu au mweupe wa uzito uleule. Nikasema, ikiwa rangi peke yake inaleta fedha, kwa nini nibaki na hawa wa madoadoa? Nataka nianze sasa, ili baadaye niwe napeleka maksai weusi watupu mnada wa Kizota hapa Dodoma, na wengine Pugu, Dar es Salaam.

MJOMBA: Uliyosikia ni kweli. Kule ndama wa kunenepeshwa huingia mnadani na kupimwa kwenye mizani, kisha bei hutajwa kwa kila pauni mia moja, yaani kilo 45 hivi. Weka ndama wawili wenye umri mmoja, uzito mmoja na afya moja, huyu mweusi na huyu mwekundu: mara nyingi mweusi atapata zaidi. Lakini hujauliza fedha hiyo ya ziada inatoka mfukoni mwa nani.

MPWA: Si mwa mnunuzi? Nadhani nyama ya mweusi ni tamu zaidi.

MJOMBA: Ngozi inabaki machinjioni, haifiki jikoni. Nyama haijui ilivaa rangi gani. Sikiliza ilivyokuwa. Mwaka 1873 mfugaji George Grant alipeleka mafahali wanne wa Angus kutoka Scotland hadi mji wa Victoria, Kansas. Ni ng'ombe weusi, hawana pembe, na mafuta hupenya katikati ya nyama yao badala ya kulala juu tu. Mafuta hayo ndiyo Wamarekani wanayolipia, kwa sababu wanakula nyama ya kuchoma nene, iliyoiva kidogo. Sasa mwaka 1978 chama cha wafugaji wa Angus kikaanzisha nembo ya nyama, Certified Angus Beef. Ili nyama ipate nembo hiyo, mnyama hupita milango miwili. Mlango wa kwanza ni ngozi: sehemu kubwa ya mwili iwe nyeusi. Mlango wa pili ni nyama yenyewe baada ya kuchinjwa: mafuta ya ndani yawe ya kutosha, mnyama awe hajapita miezi 30, mnofu wa mgongoni usiwe mdogo mno wala mkubwa mno, na nundu isizidi inchi mbili.

MPWA: Nundu pia wanapima?

MJOMBA: Wanapima. Inchi mbili ni kama sentimita tano. Mtazame huyo fahali wako pale chini ya mbuyu. Hata ukimpaka masizi, nundu ingemtoa.

MPWA: Na hao weusi wanaopita mlango wa kwanza, wote hupita wa pili?

MJOMBA: Zaidi ya nusu hukwama. Ila mwekundu hafiki hata kupimwa kwa nembo ile, hata kama nyama yake ni nzuri kuliko ya jirani yake mweusi.

MPWA: Kwa hiyo weusi ni ruhusa ya kuingia chumba cha mtihani, si cheti cha kufaulu.

MJOMBA: Hapo umeelewa. Anayenunua ndama wa miezi minane hawezi kuona nyama iliyo ndani. Ananunua uwezekano, na rangi humwongezea uwezekano huo. Mimi naona si haki kwa mfugaji wa ng'ombe wekundu wazuri, lakini siwezi kusema mnunuzi yule ni mjinga. Amehesabu.

MPWA: Lakini mjomba, kila mweusi ni Angus?

MJOMBA: Hapana, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Weusi una nguvu juu ya wekundu katika kurithi. Fahali aliyerithi weusi kwa baba na kwa mama, ukimpandisha jike jekundu, ndama wote watazaliwa weusi. Na weusi wawili ambao kila mmoja amebeba wekundu uliojificha wanaweza kuzaa mwekundu, mmoja kati ya wanne kwa wastani. Wafugaji wa Simmental na Limousin walipoona bei ilivyo, wakachanganya damu ya Angus kidogo kidogo na kuchagua weusi, mpaka leo Marekani kuna Simmental weusi wengi, ingawa ukoo wao ulikotoka Uswisi ni wa rangi ya dhahabu au nyekundu na uso mweupe. Na wafugaji wa maziwa nao sasa hupandisha baadhi ya Holstein kwa mbegu ya Angus, kwa sababu ndama wa Holstein mtupu hupata bei ndogo kwa wanunuzi wa nyama, na ndama mweusi wa mchanganyiko hupata nafuu.

MPWA: Basi rangi inaweza kusema uongo.

MJOMBA: Inaweza. Na upande wa pili kuna Angus wekundu. Ukoo uleule, ila wekundu ule uliojificha umekutana pande zote mbili. Wenye ng'ombe hao walianzisha chama chao mwaka 1954, na baadaye wakatengeneza mpango wa kumthibitisha ndama kwa hati ya uzazi wake, ili mnunuzi asome karatasi badala ya kutazama ngozi. Mimi mpango huo naupenda sana. Palipo na kumbukumbu za kweli, rangi hupungukiwa na kazi.

MPWA: Je, ziko rangi nyingine zinazolipa huko?

MJOMBA: Ziko, na kila moja ina mnunuzi wake. Charolais ni mweupe kutoka Ufaransa. Akipanda jike jeusi, ndama hutoka wa rangi ya moshi. Wanenepeshaji wengi humpenda, maana rangi hiyo inawaambia baba yake alikuwa Charolais, na Charolais huongezeka uzito vizuri. Lakini mfano ninaotaka uushike uko Texas, kwenye joto la pwani ya Ghuba ya Mexico. Kule huchanganya Brahman, ambaye ni wa nundu kama wetu, na Hereford mwekundu wa uso mweupe. Ndama wengi hutoka na milia myeusi juu ya wekundu. Dume mwenye milia hiyo, akihasiwa na kupelekwa kunenepeshwa, hukatwa bei, kwa sababu mnunuzi anaogopa nyama ngumu na mafuta haba. Dada yake, mwenye milia ileile, aliyenyonya titi lilelile, huuzwa ghali akiwa mtamba wa kuzaa, maana wafugaji wanajua atavumilia joto na kupe, atanyonyesha vizuri na ataishi miaka mingi.

MPWA: Rangi moja, familia moja, bei mbili!

MJOMBA: Kwa sababu wanunuzi ni wawili. Sasa turudi Dodoma. Maksai wako akifika Pugu, nani anamnunua?

MPWA: Wachinjaji, wale wanaopeleka nyama kwenye mabucha ya Dar es Salaam.

MJOMBA: Na mwenye bucha anauza vipi?

MPWA: Kwa kilo. Steki ina bei yake, na yenye mfupa bei yake.

MJOMBA: Kuna mteja amewahi kumuuliza mafuta yamepenya kiasi gani, au ng'ombe alikuwa na rangi gani?

MPWA: Hapana. Anauliza kama ni laini, na kama ni ya leo.

MJOMBA: Basi mchinjaji wako atakulipa weusi kwa fedha ipi? Hakuna mtu mbele yake anayemlipa yeye. Anachotafuta ni kilo za nyama kwenye mzoga. Jike letu la kienyeji likikomaa huwa na kilo 200 hadi 300 hivi, na Boran aliyelishwa vizuri hupita hapo. Hiyo ndiyo tofauti anayoilipia, hata anapokadiria kwa macho.

MPWA: Lakini si ningepata uzito kwa Angus pia?

MJOMBA: Ungepata kama angeishi vizuri. Ngozi nyeusi hunywa jua, na damu ya Ulaya haijazoea ndigana kali wala ukame wa Septemba. Palipo na mbung'o ni hatari zaidi: mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Mwenye zizi la kisasa, josho la uhakika na hoteli inayomngoja, ajaribu Angus. Wewe unachunga mbugani.

MPWA: Kwa hiyo rangi haina maana kabisa kwetu?

MJOMBA: Sikusema hivyo. Nenda Kagera ukaone wafugaji wa Ankole wanavyompenda mwenye wekundu uliokolea na pembe kubwa. Jike la namna hiyo halipelekwi kwa mchinjaji upesi. Na mnadani rangi husaidia kubashiri ukoo: mwekundu mtupu mwenye ngozi inayoning'inia shingoni, mtu huwaza Sahiwal, mweupe au wa rangi ya majani makavu mwenye umbo pana, huwaza Boran. Na karibu na Idd el-Hajj, anayetafuta mnyama wa kuchinja hutaka asiye na kasoro: si kipofu, si kilema, si mgonjwa. Wakati huo fahali aliyetimia hupata wateja. Ila ukinitaka nikuambie kitu cha kutazama kwenye ngozi, nitakuambia manyoya. Yawe laini, yang'ae. Manyoya yaliyosimama na kufifia humwambia mnunuzi kwamba mnyama ana minyoo au njaa, na hapo atakushusha bei bila huruma.

MPWA: Sasa nifanye nini, mjomba? Mbegu nilikuwa niagize kwenye kituo cha uhimilishaji cha Usa River.

MJOMBA: Kituo ni kilekile, badili unachoagiza. Uliza Boran. Au nenda ranchi ya Kongwa uone mafahali kwa macho yako kwanza. Madume yatakayozaliwa uyahasi mapema, uyaweke pamoja ya umri mmoja, na miezi mitatu kabla ya kuuza uyape mashudu ya pamba na pumba. Ukifika mnadani na maksai kumi wanaolingana, dalali atakutafuta wewe. Ukifika na mmoja, wewe ndiye utamtafuta dalali. Na wapime kwenye mizani kabla ya kutaja bei, hata kama mnunuzi anasema jicho lake linatosha.

MPWA: Na chapa? Wale wa mwaka jana niliwapiga ubavuni, zikaonekana vizuri.

MJOMBA: Zinaonekana vizuri hata kwa mnunuzi wa ngozi, naye atakukata. Ubavuni ndipo palipo na ngozi bora ya viatu na mikoba. Safari hii piga mguuni, chini ya goti, na chuma kisikae sana.