Kadi Uliyoitumia Kabla ya Kufilisika

Barua imetoka kwa wakili wa benki. Inadai ulitumia kadi ya mkopo huku ukijua hutalipa, kwa hiyo hata ukitangazwa muflisi deni lako lisifutwe. Chini kabisa kuna ombi la upole: lipa nusu, yaishe. Wengi husaini usiku huohuo kwa hofu tu.

Usisaini kwanza. Kwa ndugu mlioko Marekani, ukiomba kufilisika chini ya Sura ya 7, madeni ya kadi kwa kawaida hufutwa. Kifungu cha 523 cha sheria ya ufilisi kinataja madeni yasiyofutika, likiwemo lililopatikana kwa ulaghai. Ila barua ya wakili haitoshi kulibakiza. Benki lazima ifungue shauri katika mahakama ya ufilisi ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai. Mkutano ukiahirishwa, hesabu haisogei. Ikiwa uliiorodhesha benki hiyo kwenye fomu zako, nayo ikaacha siku hizo zipite bila kumwomba jaji nyongeza, imechelewa.

Ulaghai wenyewe ni nini? Kukopa harusi na kulipa matanga kumewakuta wengi, na sheria haikuiti huko utapeli. Benki inapaswa kuonyesha kwamba siku ulipotumia kadi hukuwa na nia ya kulipa. Kwa kuwa nia imo moyoni, majaji huangalia dalili: ulikuwa na kazi? Ulishamwona wakili wa ufilisi? Matumizi yalipanda ghafla, mara tano kwa siku moja? Mwaka 1991, katika kesi ya Grogan dhidi ya Garner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba inatosha ushahidi wa mdai uzidi wa mdaiwa. Si lazima ufikie kiwango cha kesi ya jinai.

Kuna mahali ambapo mzigo unakuangukia wewe. Ukinunua anasa kwa kadi ya mdai mmoja kwa jumla inayozidi dola 900 ndani ya siku 90 kabla ya kufungua ombi, au ukichukua fedha taslimu kwa mkopo wa kadi zaidi ya dola 1,250 ndani ya siku 70, sheria inakudhania mlaghai hadi uonyeshe vinginevyo. Viwango hivyo ni vya maombi yaliyofunguliwa kuanzia Aprili 1, 2025, na hurekebishwa kila miaka 3.

Dhana si hukumu. Tuseme mama mmoja alinunua tairi za gari la kwendea kazini, dawa za mtoto na chakula, vyote kwa dola 1,400, kisha akaachishwa kazi wiki ya pili. Vitu vinavyohitajika kwa kiasi cha busara kwa riziki yake na ya wanaomtegemea si anasa kisheria, na barua ya kuachishwa kazi inaeleza kwa nini hakulipa. Angenunua televisheni ya ukutani baada ya kutoka kwa wakili wa ufilisi, mimi mwenyewe ningemshauri apatane na benki.

Vijiweni utasikia: "Ngoja siku ya 91, hawakugusi." Ushauri mbovu. Siku zikipita benki hupoteza ile dhana tu. Kushtaki bado inaweza, na kungoja kwa makusudi kunaweza kugeuzwa ushahidi wa hila.

Unapojadiliana nao kumbuka hili: benki ikishindwa katika deni la matumizi ya nyumbani, na jaji akaona madai yake hayakuwa na msingi wa kutosha, kifungu hichohicho kinaiamuru ikulipe gharama na ada ya wakili wako, isipokuwa pawe na mazingira maalumu. Wakili wako akikitaja kifungu hicho, mara nyingi lugha ya upande wa pili hulainika.

Wito wa mahakama ukifika, una siku 30 za kujibu, zikihesabiwa tangu ulipotolewa, si tangu ulipofungua bahasha. Usipojibu, benki inaweza kupewa hukumu wewe hujasema neno. Mpelekee wakili wako siku hiyohiyo, pamoja na taarifa za kadi na hati za mshahara, na umuulize ada yake: ile uliyomlipa kufungua ombi mara nyingi haihusishi shauri hili.