SOMO LA MWEZI: GURUDUMU PACHA LILILOGOMA KUTOKA

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, mwanachama aweze:
(a) kueleza sababu zinazofanya magurudumu pacha ya lori yagome kutoka kwenye ekseli;
(b) kutaja kwa utaratibu hatua za kuyatoa bila kuumiza mtu wala kuharibu gari;
(c) kueleza wajibu wa Bodi na Katibu katika kazi hii, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya utingo peke yake.

1. Utangulizi

Katika mikoa ya Kusini, msimu wa mauzo ya korosho hufunguliwa mwezi Oktoba. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007, mzigo wa mkulima hupita katika chama chake cha msingi, kisha hupelekwa ghala kuu kungojea mnada. Kati ya ghala moja na jingine hakuna njia ila lori. Lori likilala porini kwa pancha ya tairi la ndani, mzigo hauwahi mnada, na malipo ya wanachama huchelewa.

Hapo ndipo haraka inapoingia. Utingo hupewa nyundo, bomba refu na maneno makali. Nati zikikataa, bomba huongezwa. Gurudumu likikataa, huitwa mwenye gesi ya kuchomelea alipashe moto. Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba gurudumu lililogoma halishindwi kwa ukali. Hushindwa kwa kutoa upepo, kuelewa namna lilivyofungwa, na kulipa dawa muda wa kufanya kazi. Aidha, linakusudia kuonyesha kwamba gurudumu linalogoma leo liligomeshwa siku lilipofungwa.

2. Kwa nini gurudumu hugoma

Sababu ya kwanza ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo katika upenyo mwembamba kati ya tundu la gurudumu na habu, kutu hukaza kama kabari iliyopigwa pande zote. Vilevile bapa la gurudumu la nje na bapa la gurudumu la ndani, ambayo hugusana uso kwa uso, hugandana. Magari ya pwani huathirika zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Sababu ya pili ni kukaza kupita kiasi. Malori mengi ya Kijapani ya ukubwa wa kati na mkubwa huhitaji nati zikazwe kwa kiasi cha nyutoni-mita 550 hadi 600, na kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi. Nguvu hiyo ni sawa na mtu kuegemeza takriban kilo 60 kwenye ncha ya mpini wenye urefu wa mita 1. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita 2, nati hupata zaidi ya mara mbili ya nguvu iliyotakiwa. Stadi huvutika, nyuzi zake huharibika, na siku ya kufungua hukatika.

Sababu ya tatu ni rangi nene, matope na grisi vilivyoachwa kati ya nyuso zinazokutana. Siku ya kufunga, vitu hivyo hudanganya kwamba nati imekaza. Baadaye rangi husagika, nati hulegea, maji huingia, na kutu huanza.

3. Ijue aina ya ufungaji kabla ya kugusa spana

Malori yaliyoletwa nchini yakiwa yametumika ni ya aina mbili kuu, na kosa la kuzichanganya ni la gharama.

Aina ya zamani ya Kijapani ina nati mbili kwa kila stadi ya nyuma. Nati ya ndani, yenye kichwa cha mraba cha milimita 21, hushika gurudumu la ndani. Juu yake hufungwa nati ya nje, ya soketi ya milimita 41, inayoshika gurudumu la nje. Katika aina hii, upande wa kushoto wa gari nyuzi ni za kinyume: nati hufunguka kwa kuizungusha kufuata mwendo wa saa. Upande wa kulia hufunguka kama nati ya kawaida. Nati nyingi zinazosemwa kuwa “zimegoma” upande wa kushoto hazikugoma. Zilikuwa zinakazwa zaidi kila bomba lilipoongezwa. Tazama ncha ya stadi: kwa kawaida herufi L huonyesha nyuzi za kushoto na R za kulia.

Aina mpya, iliyoenea katika malori ya Kijapani yaliyoundwa kuanzia karibu na mwaka 2010, ina nati moja yenye sahani yake kwa kila stadi, na nyuzi zote ni za kulia. Gurudumu hukalia habu yenyewe. Nati zake ni rahisi kufungua, lakini kutu hushika kwenye habu, na hata nati zote zikitoka gurudumu husimama palepale.

4. Hatari ya upepo

Tairi la lori hujazwa upepo wa kiasi cha kilo 7 kwa kila sentimita mraba. Chukua kipande cha tairi chenye ukubwa wa postikadi, sentimita 10 kwa 15. Kipande hicho kidogo husukumwa kwa nguvu ya kilo 1,050, kama uzito wa magunia 13 ya kilo 80. Nguvu hiyo imo katika kila sehemu ya tairi, nayo hungoja mahali pa kutokea.

Rimu iliyopasuka, au rimu ya vipande ambayo pete yake ya kufungia imelika, huweza kuwa imeshikiliwa na nati na gurudumu jirani tu. Nati zikilegezwa, kilichokuwa kikiizuia hakipo tena, na pete hiyo huruka kwa nguvu ya kuua. Kwa hiyo kanuni ya chama iwe moja, isiyo na mjadala: upepo wa matairi yote mawili, la nje na la ndani, utolewe kabla nati ya kwanza haijaguswa. Sindano ya vali ing’olewe kabisa, na waya mwembamba upitishwe kuhakikisha kwamba tundu halikuziba. Anayetoa upepo asimame upande wa kanyagio la tairi, asikae mbele ya uso wa rimu.

5. Hatua za kazi

Hatua ya 1. Shusha mzigo. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Funga breki ya kuegesha, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: breki ya kuegesha ya malori mengi hushika magurudumu ya nyuma, na ukiyainua hayo, gari halina kinachoizuia ila kabari.

Hatua ya 2. Toa upepo kama ilivyoelezwa.

Hatua ya 3. Safisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kupenya kutu kwenye stadi na kwenye duara ambapo gurudumu hukutana na habu. Ngoja. Saa kadhaa ni bora kuliko dakika kadhaa, na usiku mzima ni bora zaidi. Mafuta yasiingie kwenye breki, na petroli isitumike kamwe.

Hatua ya 4. Legeza nati wakati magurudumu yangali chini. Tumia mashine ya mkono yenye gia, ambayo huzidisha nguvu ya mtu mmoja pasipo kuruka juu ya bomba. Kama haipo, mpini uegemezwe chini kwa uzito wa mwili, miguu ikiwa ardhini. Nati isipolegea, ikaze kidogo sana halafu ifungue tena. Mara nyingi kutu huvunjika kwa kurudi nyuma na mbele.

Hatua ya 5. Inua kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mtu asiingie chini ya gari.

Hatua ya 6. Usitoe nati zote. Acha nati zikiwa zimelegea kwa mizunguko michache, ili gurudumu litakapoachia lisimwangukie mtu. Gonga gurudumu kwa gogo, au kwa nyundo nzito juu ya kipande cha mti mgumu, ukibadilisha pande: juu, chini, kushoto, kulia. Nyundo ya chuma juu ya chuma hurusha vipande machoni. Kwa gurudumu la ndani, watu wawili wasimame nje ya gari na kulisukuma kwa mti mrefu kutoka upande wa nyuma yake. Lisipoachia, ongeza mafuta, ngoja, rudia.

Hatua ya 7. Likishaachia, toa nati zilizobaki, na watu wawili walishushe gurudumu. Kwa aina ya nati mbili, ndipo nati za ndani zifunguliwe na kazi irudiwe kwa gurudumu la ndani.

Wako madereva wenye desturi ya kulegeza nati, kisha kuendesha gari mbele na nyuma na kupiga breki ghafla ili gurudumu liachie. Njia hii huvunja stadi na kupanua matundu ya gurudumu, na kwa matairi yaliyotolewa upepo haifai kabisa. Tusiitumie.

6. Moto ni marufuku

Kupasha moto rimu au nati wakati tairi lingali juu ya rimu ni jambo la kufisha. Mpira unapopata joto hutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo hukusanyika ndani ya tairi, na ikishika moto, tairi hulipuka kwa nguvu kubwa kuliko upepo wake wa kawaida. Kutoa upepo hakuondoi hatari hii. Wala mlipuko haulazimiki kutokea papo hapo: mpira huweza kuendelea kuungua ndani kwa ndani, ukalipuka mchomeleaji akiwa amekwisha zima gesi na watu wamesogea karibu.

7. Kufunga vizuri ndiko kufungua vizuri

Sugua kutu yote kwenye habu na kwenye nyuso za magurudumu. Kwa aina mpya, paka grisi nyembamba kwenye sehemu ya habu inayobeba gurudumu, usiipake kwenye nyuso zinazobanana, na tia tone la mafuta kwenye nyuzi na kati ya nati na sahani yake. Stadi ikivunjika, badilisha hiyo na jirani zake wa pande mbili. Zikivunjika mbili au zaidi, badilisha zote za gurudumu hilo. Kaza kwa kuvuka, nati moja kisha inayoikabili, na malizia kwa spana yenye kipimo. Gari likishatembea kilometa 50 hadi 100, kaza tena. Kwa aina ya nati mbili, ni lazima nati ya nje ilegezwe kwanza ndipo ya ndani ikazwe. Zilegezwe nusu kwanza, kisha nusu ya pili.

8. Wajibu wa chama

Utingo hawezi kukataa amri ya moto ikiwa Bodi haijaikataza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na chama chenye lori ni mwajiri. Basi Katibu apeleke mbele ya Bodi mambo manne: katazo la moto na agizo la kutoa upepo, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na kubandikwa ndani ya lori, fedha za kununulia stendi, kabari, mashine ya gia na spana yenye kipimo, daftari la gari linaloonyesha tarehe ya kila gurudumu kutolewa na kukazwa tena, na agizo kwamba magurudumu yote yatolewe, yasafishwe na kufungwa upya kabla ya msimu, si katikati yake. Lori la kukodi nalo liulizwe maswali hayohayo kabla ya kupakiwa.

Mzigo uliochelewa mnada huu huweza kuuzwa mnada ujao. Mtu aliyepigwa na pete ya rimu hana mnada ujao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Lori la chama chetu, au tunalolikodi, ni la aina gani ya ufungaji? Nani kati yetu amekwenda kuliangalia?
2. Mtu wa kilo 60 anasimama kwenye ncha ya bomba la mita 2.5. Nati inapata nguvu mara ngapi ya ile iliyotakiwa?
3. Kwa nini upepo wa tairi zima lisilo na pancha nalo utolewe?
4. Utingo akikataa kufungua gurudumu kabla ya kutoa upepo, na dereva akimshitaki kwa kuchelewesha safari, Bodi iamue vipi?
5. Kadirieni gharama ya vifaa vilivyotajwa katika sehemu ya 8, na mpendekeze kwenye mkutano mkuu fungu litakalovinunua.